Mwongozo Kamili wa Kuendesha Shindano la Picha la Kila Mwezi Katika Klabu ya Wapiga Picha

Klabu nyingi za wapiga picha huanzisha shindano la mwezi kwa shangwe. Mwezi wa kwanza picha humiminika, mwezi wa pili zinapungua, na baada ya muda mfupi mratibu hubaki akiwabembeleza wanachama watume chochote walicho nacho. Sababu hazibadiliki sana: mada ni pana kiasi kwamba picha yoyote inafaa, kanuni hutungwa baada ya picha kufika, ushindi huamuliwa kwa vidole gumba katika kundi la WhatsApp na hivyo kumwendea mwenye marafiki wengi, na aliyeshindwa haambiwi kwa nini ameshindwa.

Mwongozo huu unamlenga mratibu wa klabu ya wanachama kati ya 10 na 40, hapa Moshi au jirani zetu wa Arusha, ambao baadhi yao wana kamera na wengi wana simu tu. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: haki ya shindano huamuliwa kabla picha ya kwanza haijatumwa. Mratibu akiitengeneza vizuri wiki ya kwanza, wiki ya mwisho humwia nyepesi.

## Mahitaji

- Watu wawili wa kudumu, yaani mratibu na karani wa picha, ambao hawawi majaji.
- Majaji watatu kwa kila mwezi.
- Kompyuta mpakato moja na diski mbili za kuhifadhia picha, zinazotunzwa katika nyumba mbili tofauti.
- Namba moja ya simu au anwani moja ya barua pepe ya kupokelea picha, ambayo si kundi la wanachama wote.
- Daftari la namba za siri, la karatasi.
- Kadi ya mada, karatasi ya kanuni isiyozidi ukurasa mmoja, na karatasi ya alama.
- Projekta au televisheni kubwa kwa ajili ya kikao, pamoja na chumba kinachoweza kutiwa giza kiasi.

Fedha haimo katika orodha hii kwa makusudi. Gharama pekee isiyoepukika ni ya kuchapa picha ya mshindi, na hiyo inaweza kutoka katika ada ya kawaida ya uanachama.

## Hatua ya 1: Gawanya kazi kabla ya kutangaza lolote

Mratibu hutunga mada, hutangaza ratiba na huongoza kikao. Karani hupokea picha, huzipa namba na hutunza daftari la siri. Majaji hutazama na kutoa alama, basi. Kazi hizi zisiwekwe mikononi mwa mtu mmoja, kwa sababu anayejua namba 07 ni ya nani hawezi kuitazama picha hiyo kama mgeni, hata akiwa mwadilifu kiasi gani.

Mratibu na karani wanaruhusiwa kushiriki iwapo klabu ni ndogo, mradi jambo hilo liandikwe wazi katika kanuni. Jaji haruhusiwi kushiriki mwezi anaotoa alama, na hapo pasiwe na msamaha.

## Hatua ya 2: Panga mada za mwaka mzima kwa kufuata majira ya hapa

Hii ndiyo hatua inayoharakishwa kuliko zote, ilhali ndiyo inayoamua kama wanachama watatoka nyumbani kwenda kupiga picha au watapekua picha za zamani. Kaa na kalenda, kaa na watu wawili au watatu wanaoufahamu mji, na mpange miezi yote 12 kwa kikao kimoja.

Anza na hali ya hewa. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei na vuli huja kuelekea mwisho wa mwaka, hasa Novemba na Desemba. Mada ya Mlima Kilimanjaro iliyopangwa Aprili itawakatisha watu tamaa, kwa kuwa Kibo, kilele chake kirefu, hufunikwa siku nyingi mfululizo. Iweke Januari au Februari, na katika tangazo wakumbushe wanachama kwamba mlima huonekana vizuri alfajiri, kabla mawingu hayajaupanda, na pengine tena jioni. Aprili yenyewe unaweza kuipa mada ya "Mlima usioonekana", yaani alama za kuwapo kwa mlima bila kilele: maji yanayoshuka katika mifongo (mifereji ya asili ya Wachaga), ukungu juu ya migomba ya kihamba (shamba la nyumbani la ukoo), makoti ya wapagazi yaliyoanikwa uani. Mada ya namna hiyo hugeuza mvua kuwa msaada.

Kisha tazama jua. Moshi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza likipanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa, na mwanga laini wa asubuhi huisha mapema kuliko miongozo ya upigaji picha ya Ulaya inavyosema. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi, na vivuli hujikusanya chini ya miguu ya watu. Wapiga picha wengi huikimbia saa hiyo. Mada ya "Kivuli kifupi" katika mwezi wa Oktoba huwalazimisha kuisoma, na kila mara hutoa picha ambazo hakuna mtu angezipiga kwa hiari.

Mwisho tazama maisha ya watu. Mbio za Kilimanjaro Marathon huujaza mji wa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mavuno ya kahawa kwenye miteremko hufika katika nusu ya pili ya mwaka. Maonyesho ya Nane Nane huwavuta wakulima na wafugaji wa kanda hii hadi viwanja vya Themi, Njiro, jijini Arusha, mwezi Agosti. Mijakaranda ya Arusha huchanua zambarau karibu na Oktoba na Novemba. Na Desemba, Wachaga walio Dar es Salaam na kwingineko hupanda kurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Mabasi, mizigo, makaburi yanayofagiliwa na vikao vya ukoo vinatosha kwa mada ya miaka kadhaa.

Changanya aina tatu za mada ili mtu mmoja asitawale mwaka mzima: mada ya kitu (mikono, milango, maji), mada ya mbinu (mwendo, kivuli, rangi moja), na mada ya wazo (kungoja, kurudi, ujirani). Mwanachama aliye hodari wa ufundi huonekana katika aina ya pili, na mwenye jicho la watu huonekana katika ya tatu.

Ili kuipima mada, jiulize kama unaweza kufikiria picha tatu zisizofanana, zinazoweza kupigwa kwa miguu kutoka Mnara wa Saa, bila lenzi ndefu na bila kulipa kiingilio popote. Ukipata moja tu, mada ni finyu. Ukipata mia bila kufikiri, ni pana mno. "Urembo", "Maisha" na "Asili" huanguka katika kipimo hiki, na "Wanyama wa Serengeti" huwatupa nje wote wasio na gari wala fedha za safari.

Dalili ya mafanikio: ukimwonyesha kalenda mwanachama mpya, aulize "mwezi wa Juni nitaipata wapi hiyo?" badala ya kusema kwamba tayari anayo.

## Hatua ya 3: Andika kadi ya mada

Jina la mada peke yake huzaa ugomvi. Kila mada iwe na kadi fupi yenye mambo manne: jina, sentensi mbili za maelezo, kilichomo na kisichomo, na swali moja la kumwongoza mpiga picha. Mfano:

> Mada: Mikono kazini.
> Picha ionyeshe mikono ya binadamu ikifanya kazi halisi, nyumbani, sokoni, shambani au karakana. Mikono ndiyo iwe mhusika mkuu. Uso unaweza kuwapo au usiwepo.
> Haimo: mikono iliyopangwa kwa ajili ya picha tu, na mikono ya sanamu.
> Swali: Je, mtazamaji anaweza kuitambua kazi bila kuambiwa?

Sehemu ya "haimo" ndiyo muhimu kuliko zote. Bila hiyo, jaji mmoja ataikubali picha ya kinyozi aliyesimama akitabasamu mbele ya duka lake, mwingine ataikataa, na wewe utaingia kuamua huku picha yenyewe iko mezani na mwenyewe anajulikana. Usiweke picha ya mfano kwenye kadi. Ukiweka ya fundi cherehani, utapokea mafundi cherehani wengi wa soko la Memorial.

## Hatua ya 4: Weka kanuni chache na zisizopinda

Kanuni zinazofuata zinatosha. Nyingine unaweza kuongeza, lakini zisivuke ukurasa mmoja.

Idadi. Kila mwanachama atume picha zisizozidi mbili. Kujifunza kuchagua ni nusu ya ufundi wenyewe, na anayeruhusiwa kumi huwaachia majaji kazi hiyo.

Muda wa kupigwa. Picha iwe imepigwa ndani ya mwezi wa shindano. Kanuni hii hukutana na upinzani, hasa kutoka kwa wenye hazina kubwa za miaka iliyopita, lakini ndiyo inayolinda uhai wa shindano. Bila hiyo, picha moja nzuri ya simba itaandamana na mada tatu tofauti. Waelekeze wanachama kurekebisha tarehe na saa katika kamera zao, maana kamera ambayo betri yake ilitolewa kwa muda mrefu inaweza kurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na picha halali ikaonekana ya zamani.

Uhariri. Ruhusu kukata kingo, kunyoosha, kurekebisha mwangaza na rangi, kugeuza kuwa nyeusi na nyeupe, na kufuta madoa ya vumbi la kihisio (sehemu ya kamera inayonasa mwanga). Kataza kuongeza au kuondoa kitu, kubadilisha anga, na picha yoyote iliyotengenezwa au kujazwa na akili mnemba. Anayekaribia kushinda aombwe faili la asili. Liombe kwa kila mshindi, kila mwezi, ili ombi lisionekane kuwa shutuma.

Chombo. Simu na kamera zishindane pamoja. Nimesikia hoja za kuzitenganisha na sikubaliani nazo: kwenye mada nyingi za mjini, tofauti inayoonekana katika picha ya ukubwa wa A4 hutoka kwenye mwanga na mahali alipojiweka mpiga picha. Ukiwa na washiriki zaidi ya 20, tenganisha kwa uzoefu, yaani daraja la wanaoanza na daraja la wazoefu. Chini ya hapo usigawe, kwa sababu ushindi katika kundi la watu watatu haumpi mtu furaha.

Ridhaa. Mtu anayetambulika katika picha awe ameridhia, na mtoto awe ameridhiwa na mzazi au mlezi wake. Ukifika soko la Mbuyuni au la Kiboriloni, msalimie mama kwenye genge lake, eleza kwamba ni shindano la klabu, kisha omba. Akikataa, shukuru na uendelee na safari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika nchini, na klabu inayokusanya na kuonyesha picha za watu haina budi kulichukulia jambo hili kwa uzito. Picha inayomdhalilisha mgonjwa, maskini au mfiwa isipokelewe hata ikiwa na ufundi wa hali ya juu.

Maeneo. Majengo ya jeshi, ya polisi na mengine yaliyowekewa katazo yasipigwe. Ndege zisizo na rubani zitumike na mwenye kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga tu. Ndani ya hifadhi za taifa, mwanachama afuate masharti ya hifadhi husika.

Haki. Hakimiliki hubaki kwa mpiga picha, kama inavyoelekezwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Klabu iombe ruhusa ya mambo mawili tu: kuionyesha picha katika kikao na kuitundika katika maonyesho ya klabu, jina la mpiga picha likitajwa. Klabu inayojichukulia haki ya kuuza picha za wanachama hupoteza wapiga picha wake bora, na wana haki ya kuondoka.

## Hatua ya 5: Tangaza ratiba isiyobadilika

Ratiba hii inafaa kwa kila mwezi, hata Februari:

- Tarehe 1: kadi ya mada hutumwa kwa wanachama wote.
- Tarehe 15: ukumbusho mmoja, mfupi.
- Tarehe 24, saa mbili usiku: mlango unafungwa.
- Tarehe 25 hadi 28: majaji wanatoa alama.
- Jumamosi ya kwanza ya mwezi unaofuata: kikao.

Usitumie "saa sita usiku wa tarehe 24". Wengine huhesabu usiku wa kuamkia tarehe 24, wengine usiku wa kuamkia 25, na utapokea malalamiko kutoka pande zote mbili.

Klabu zetu zina waongoza watalii na wapagazi ambao hukaa mlimani siku sita, saba au zaidi, mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Wapewe nafasi ya kutuma mapema, au ya kumwachia mwanachama mwingine faili lililotayarishwa. Kuongeza siku kwa ajili ya mtu mmoja kusifanyike kabisa. Mlango ukifunguliwa mara moja baada ya kufungwa, mwezi unaofuata hakuna atakayeiamini tarehe.

## Hatua ya 6: Pokea picha kwa njia inayolinda ubora

WhatsApp hubana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, na pia huondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, zikiwamo tarehe ya kupigwa na aina ya kamera. Mwanachama atume picha kama hati, yaani kwa kitufe kile kile anachotumia kutuma barua au faili la hesabu. Hapo faili hufika kama lilivyo. Barua pepe nayo inafaa. Kwa wasiozoea, karani akae nao dakika tano baada ya kikao na kuwaonyesha kwenye simu zao wenyewe, kwa sababu maelezo ya maandishi peke yake hayatoshi kwa jambo hili.

Omba faili kubwa la mwisho lililohaririwa. Kwa kuonyeshwa kwenye projekta ya kawaida, pikseli 1920 kwa upande mrefu zinatosha, lakini kuchapa A4 kwa ubora kamili wa nukta 300 kwa inchi kunahitaji takriban pikseli 3508 kwa 2480. Ukipokea faili dogo utaweza kulionyesha na hutaweza kulichapa, na siku ya kumpa mshindi zawadi yake utaanza kumsaka.

Karani amjibu kila aliyetuma: "Imepokelewa, picha mbili, faili zimefunguka." Jibu hilo fupi huzuia ugomvi wa "mimi nilituma". Faili lisilofunguka lirudishwe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, ilimradi mlango haujafungwa.

## Hatua ya 7: Ficha majina

Baada ya kufunga, karani achanganye picha zote bila kufuata mpangilio wa kufika, kisha azipe namba kuanzia 01. Mpangilio wa kufika unafichua mengi, kwa maana klabu nzima inajua nani hutuma siku ya kwanza na nani hutuma dakika ya mwisho. Jina la faili libaki namba tu. Jina la mwenye picha liandikwe mkabala na namba hiyo katika daftari la karatasi, nalo lifungiwe kabatini.

Kagua mambo mawili zaidi. La kwanza ni saini au nembo pembeni mwa picha, ambayo irudishwe ikatolewe. La pili ni jina lililofichwa ndani ya faili, kwa kuwa kamera nyingi humruhusu mwenyewe kuandika jina lake na likabaki katika kila picha. Kwa hiyo karani akague tarehe kwanza, halafu awatayarishie majaji nakala zisizo na taarifa hizo.

Onyo: mwambie kila mwanachama asiitume picha yake ya shindano kwenye kundi wala asiiweke kwenye hali (status) ya WhatsApp kabla ya kikao. Kazi yote ya karani huharibiwa na picha moja iliyowekwa usiku wa kuamkia hukumu.

## Hatua ya 8: Chagua majaji na uhesabu alama kwa haki

Majaji wawe watatu, na walau mmoja asiwe mwanachama. Mpiga picha wa studio mjini, mwalimu wa sanaa, mchoraji au mhariri wa gazeti wote wanafaa. Asiyejua kamera lakini anajua kutazama ni jaji mzuri kuliko anayejua majina ya lenzi zote. Njia ninayoipendelea ni kubadilishana: picha za Moshi zihukumiwe na wapiga picha wa Arusha, nao walete zao huku. Umbali wa takriban kilomita 80 unatosha kuondoa minong'ono ya upendeleo, na majaji hawa hawamjui mwenye picha kwa staili yake.

Karatasi ya alama iwe na vipengele vinne: kujibu mada (alama 3), mwanga na rangi (2), mpangilio wa picha (2), na nguvu ya picha yenyewe, yaani kama inamshika mtazamaji (3). Jumla ni 10. Mada imepewa uzito mkubwa ili picha nzuri isiyojibu swali isiishinde picha iliyolijibu. Ulengaji na ukali wa picha sikuvipa kipengele chake, kwa sababu kasoro ya ufundi inapoharibu picha huonekana tayari katika vipengele vingine, na isipoiharibu haina haja ya kuadhibiwa.

Majaji wote watazame kwenye kioo cha aina moja, mwangaza wa kioo ukiwa umepandishwa. Wapitie picha zote mara moja bila kuandika, kisha warudi mwanzo na kutoa alama. Bila mzunguko huo wa kwanza, picha za mwanzo huhukumiwa kwa ukali kwa vile jaji bado hajajua kiwango cha mwezi huo. Wafanye kazi hii kila mtu peke yake, bila kuongea.

Sasa hesabu, na hapa ndipo klabu nyingi hukosea bila kujua. Chukua picha tatu:

- Jaji wa kwanza: namba 07 alama 9, namba 12 alama 6, namba 03 alama 5.
- Jaji wa pili: namba 12 alama 8, namba 07 alama 7, namba 03 alama 6.
- Jaji wa tatu: kama jaji wa pili.

Ukijumlisha alama, namba 07 inapata 23 na namba 12 inapata 22, kwa hiyo 07 inashinda, ingawa majaji wawili kati ya watatu waliona 12 ndiyo bora. Jaji wa kwanza amewazidi nguvu wenzake kwa kuwa tu anatawanya alama zake kwa mapana.

Dawa ni kugeuza alama za kila jaji kuwa nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namba 12 inapata 2+1+1, yaani 4. Namba 07 inapata 1+2+2, yaani 5. Yenye jumla ndogo inashinda, na hapo kila jaji ana sauti sawa na mwenzake. Jaji akizipa picha mbili alama sawa, aombwe achague moja. Jumla zikilingana, tazama ipi imepewa nafasi ya kwanza na majaji wengi. Zikilingana tena, zitangazwe zote mbili.

Mwisho, kila jaji aandike sentensi mbili kwa kila picha: moja juu ya kinachofanya kazi, na moja juu ya jambo ambalo mpiga picha angeweza kulibadilisha. Usikubali alama bila maoni. Alama humwambia mtu yuko wapi, na maoni ndiyo yatakayompeleka mahali pengine mwezi ujao.

Dalili ya mafanikio: daftari la siri linafunguliwa baada ya matokeo kusainiwa, na walau mara moja kwa mwaka majaji wanashangaa ni picha ya nani.

## Hatua ya 9: Endesha kikao kama darasa

Onyesha picha zote, si zilizoshinda tu. Kwa picha 30, ukitumia dakika tatu kwa kila moja, unahitaji saa moja na nusu; picha zikizidi hapo, gawa kikao kwa mapumziko ya chai. Tangaza washindi mwishoni, maana ukitangaza mwanzoni nusu ya watu wataacha kusikiliza.

Kwa kila picha, mratibu aulize kwanza wasiokuwa majaji: "Jicho lako limeanzia wapi?" Swali hili halihitaji utaalamu, na jibu lake mara nyingi humfundisha mwenye picha zaidi ya hotuba. Kisha soma maoni ya majaji, halafu mwenye picha, akipenda, aeleze alikuwa anataka nini. Mpangilio huu una sababu. Mwenye picha akianza kueleza, watu wataisikia hadithi yake na kuacha kuitazama picha.

Tangaza nafasi tatu za kwanza pekee. Alama za waliobaki zitumwe kwa kila mmoja kwa siri pamoja na maoni yake. Anayeanza akisomewa mbele ya watu kwamba amekuwa wa mwisho, hatarudi, na klabu itakuwa imempoteza mtu ambaye huenda angehitaji miezi sita tu kukomaa.

Mzee au mwalimu aliyealikwa apewe heshima yake, lakini mratibu awe tayari kumkatisha kwa adabu yeyote anayeanza kusimulia vifaa vyake: "Shikamoo mzee, tumeshukuru, sasa turudi kwenye picha namba 15."

## Hatua ya 10: Zawadi, pingamizi na hesabu ya mwaka

Zawadi bora ni picha ya mshindi iliyochapwa A4, ikawekwa fremu na kutundikwa mahali watu wanapopita kwa mwezi mzima, kisha akakabidhiwa. Mgahawa au maktaba itakayokubali kutoa ukuta ina faida kwa klabu kuliko bahasha ya fedha. Zawadi ya fedha ikikua, ndipo huanza picha za kuazima na malalamiko ya usiku.

Pingamizi lipokelewe kwa maandishi ndani ya siku mbili baada ya kikao, na lihusu uvunjaji wa kanuni tu, kwa mfano picha ya mwaka jana au anga lililobadilishwa. Ladha ya majaji haikatiwi rufaa. Mratibu na karani waamue kwa kutazama faili la asili, na mmoja wao akiwa mhusika, nafasi yake ichukuliwe na jaji wa mwezi mwingine.

Karani ahifadhi faili zote kwenye diski mbili, katika folda ya mwaka na mwezi, pamoja na kadi ya mada, maoni ya majaji na nakala ya daftari la siri. Anayeondoka katika klabu akiomba picha zake zifutwe, zifutwe, na mtu aliyepigwa akiondoa ridhaa yake, picha iondolewe kwenye maonyesho.

Kwa mshindi wa mwaka, toa pointi 3 kwa nafasi ya kwanza, 2 kwa ya pili na 1 kwa ya tatu, na pointi 1 kwa kila mwezi ambao mwanachama ameshiriki. Hesabu miezi minane iliyo bora ya kila mtu kati ya 12. Kwa njia hiyo mwongoza watalii aliyekuwa mlimani Julai na Agosti, mama aliyejifungua na mwanafunzi aliyekuwa kwenye mitihani wanabaki katika kinyang'anyiro. Pointi zikilingana mwishoni mwa mwaka, chukua picha moja ambayo kila mmoja wao anaona ni bora, zipe namba mpya, na zipelekwe kwa majaji watatu ambao hawajawahi kuhukumu mwaka huo.